Mayai Mia Sita ya Majirani

Wahenga walinena kuwa akiba haiozi. Wengi tukiisikia methali hii huwaza nafaka ghalani, tukasahau kwamba hata mawazo huwekwa akiba, tena siku moja humwokoa yule yule aliyeyacheka.

Fundi alikuwa mwepesi wa mkono, na ulimi wake ulikuwa mwepesi zaidi. Yeye na dada yake mkubwa waliendesha chumba cha kutotolea vifaranga nyuma ya ghala la mbao. Majirani walileta mayai ya kuku wao, na baada ya siku ishirini na moja wakarudi kuchukua vifaranga. Kila Jumatatu, wakati wa chai ya saa nne, dada aliuliza swali lile lile: "Na ikiwaje?" Umeme ukikatika? Barabara ikifungwa? Yeye mwenyewe asipokuwepo? Ndiyo maana alibandikwa jina la Mama Ikiwaje. Kila jibu walilokubaliana liliandikwa kwenye karatasi ukutani, kisha likafanyiwa mazoezi kwa mayai viza: masanduku, mablanketi, chupa za maji moto, kila mtu na zamu yake.

"Dada, utaota mvi kwa mambo ambayo hayajazaliwa," Fundi alimtania huku akiyafunika mayai viza. "Haya nayo yanasikia baridi?"

"Cheka tu, mdogo wangu. Kesho siijui, ndiyo maana naiuliza maswali."

Mwezi mmoja dada alisafiri kumwangalia binti yake aliyejifungua. Fundi akabaki na shangazi yao, ambaye kazi yake ilikuwa kusoma kipimajoto, na mashine ya kutotolea yenye mayai mia sita, yote amana ya majirani.

Asubuhi ya siku ya ishirini tangu mayai yaingie mashineni, Shangazi alipiga ukelele. Joto lilikuwa linapanda bila breki. Swichi ya kulidhibiti ilikuwa imeganda. Fundi aliigonga, akaigeuza, akaibembeleza, wapi! Jasho likamtiririka. Vifaranga walikuwa wameshaanza kulia ndani ya maganda, na muda si mrefu wangeivia humo humo. Akakodolea macho karatasi za ukutani. Hata moja haikutaja mashine kuchemka.

"Hili hatukuliwaza kabisa," Shangazi alisema. "Wenye mayai tutawaambia nini, mwanangu?"

Fundi alijiuliza dada yake angeuliza nini hapo, na swali likaja lenyewe.

"Shangazi, na ikiwaje tukiizima?"

"Itapoa, na mayai yatapoa nayo."

"Basi ni sawa na umeme kukatika! Na hilo si tunalijua?"

Alichomoa waya, akafungua milango mpaka joto likashuka panapotakiwa. Baada ya hapo hakuna aliyemwuliza mwenzake afanye nini. Shangazi alibandika maji jikoni. Fundi alipanga mayai masandukuni, akaweka chupa pembeni, akatandaza mablanketi. Mikono yao ilikwenda yenyewe. Kutwa nzima walibadilisha chupa kwa zamu, hata chakula wakala wamesimama. Jua lilipokuwa linazama, kifaranga wa kwanza alitoboa ganda, akatoa mdomo kama anayedai chai yake. Shangazi alilia machozi ya furaha.

Kesho yake majirani waliondoka na vifaranga mia tano na sitini. Fundi aliwasindikiza mpaka wa mwisho, kisha akampigia dada yake simu na kumsimulia yote.

"Lakini hilo la joto sikuliwaza hata mimi," dada alisema kwa mshangao.

"Hukuliwaza, ila ulitufunza kuwaza. Nilikucheka, dada. Nisamehe, na asante. Asante sana."

Dada akasikika akipenga kamasi. Fundi naye alifuta macho, moyo wake umejaa shukrani. Alikuwa ameonja mwenyewe ukweli wa wahenga: akiba haiozi.