Ufunguo wa Siwatu

Siku ya gulio, Siwatu mshona kofia alivamiwa na mabwana wawili, kila mmoja akiitaka nyumba yake ya kona iwe ofisi ya chama chake. Komredi Sadala alihubiri kwamba mali yote iwe ya umma. Mwinyi Kombo, kwamba yote irudi kwa wenye ukoo. Wafuasi wao walizomeana uani.

“Lete ufunguo, bibi, ama tunavunja mlango!” alifoka Komredi.

“Thubutu! Tutavunja sisi kwanza,” alijibu Mwinyi.

Siwatu alijua mlango wake hauwezi teke hata moja.

“Wanangu, kila mmoja aninong’oneze atakayoyafanya chama chake kikishika nchi. Kisha nitamtajia maneno ya mtu. Akitambua kama ni mtu wake au adui, ufunguo wake. Akikosea, aniache na nyumba yangu.”

Wakaapa mbele ya watu. Siwatu akatega sikio huku, akatega na kule, kisha akamgeukia Komredi.

“Mtu anasema: magazeti yafungwe, na anayeuliza sana atiwe ndani.”

“Huyo wangu, damu yangu!”

“Nawe Mwinyi, mtu anasema: redio iwe moja, na uchaguzi usubiri mpaka watu wapate akili.”

“Wangu huyo! Nipe ufunguo.”

Siwatu akaufunga ufunguo kwenye pindo la kanga.

“Komredi, uliyemwita damu yako ni Mwinyi. Mwinyi, wako ni Komredi.”

Ua mzima ukaangua kicheko, wafuasi wa huku na wa kule.

“Mmefaana, wanangu,” akasema Siwatu. “Oaneni kwa heri, ila fungate tafuteni nyumba nyingine.”