Jicho la Usiku na Mtamba wa Bibi Menigunda

Hapo zamani, wala si zamani ya mbali, maana simu za mkononi zilikwishaingia na betri ziliuzwa mpaka gengeni, palikuwa na kijiji kilichoitwa Lumechekela, huko kusini, mashamba yanapokutana na pori kubwa. Watu wa Lumechekela walilima mahindi, mihogo na ufuta. Nguruwe wa porini hawakulima kitu, lakini walivuna kuliko wote.

Watu walipiga madebe, nguruwe wakala. Wakawasha mioto kandokando ya mashamba, nguruwe wakaizunguka, wakala. Wakachimba mitaro, nguruwe wakairuka, wakala. Wakafunga mbwa wakali pembezoni. Asubuhi mbwa wakakutwa wamekata kamba, wamelala uvunguni kwa wenyewe, na mahindi yameliwa.

Aliyeumia kuliko wote alikuwa Bibi Menigunda, mjane ambaye shamba lake lilipakana na pori lenyewe. Siku alipokuta ekari nzima ya mihogo imefukuliwa, hakurudi nyumbani hata kunawa miguu. Alikwenda moja kwa moja kwenye mkutano wa kijiji, akasimama katikati ya watu, wala hakungoja kupewa nafasi.

"Mwenyekiti, nina mtamba wangu mweusi. Mnamjua nyote, mmemtamani nyote. Atakayeniokoa na nguruwe hawa, mtamba ni wake. Nimesema mbele za watu."

Macho yote yakamgeukia Mzee Luambano. Yeye alikuwa askari wa wanyamapori aliyestaafu, na bunduki yake, yenye kibali chake, ndiyo iliyokuwa bunduki pekee kijijini.

"Msinitazame hivyo," alisema Mzee Luambano. "Mchana nawapigia embe kwenye kikonyo. Lakini nguruwe haji mchana. Nikiwasha tochi, anakimbia kabla sijaweka kitako begani. Nikizima tochi, namsikia anatafuna tu. Nileteeni darubini ya usiku, ile ya kufunga juu ya bunduki, nami nitafanya kazi."

Basi watu wakachanga. Aliyekuwa na ufuta akauza ufuta, aliyekuwa na kuku akauza kuku, zikapatikana laki tano. Mwenyekiti akaenda kuomba ruhusa kwa ofisa wanyamapori, akarudi na barua yenye mhuri. Likabaki swali moja: nani aende kuinunua?

Wakamchagua Desideria. Desideria alikuwa fundi simu wa kijiji, mwanamke mwenye vidole vyembamba na maneno machache, aliyezoea kwenda Dar es Salaam kununua vioo na betri. Alipokabidhiwa fedha zile alijisikia kama amebebeshwa mtoto wa watu. Simu alizijua mpaka tumboni. Bunduki hakuwahi kuishika.

Kwa hiyo kabla ya safari alikwenda kwanza shambani kwa Bibi Menigunda. Akapanda dungu, lile jukwaa la miti la kulindia mazao, akatazama. Kisha akashuka, akahesabu hatua kutoka dunguni mpaka ukingo wa pori. Hatua tisini. Akapita kwa Mzee Luambano.

"Shikamoo mzee. Bunduki yako ikilia, inarudi nyuma kwa nguvu kiasi gani?"

"Marahaba mwanangu. Weka bega hapa." Mzee akambandika mikono miwili begani, akamsukuma, Desideria akakaa chini kwenye mavumbi. "Kiasi hicho."

Basi akasafiri akiwa na mambo mawili kichwani: hatua tisini, na teke lile.

Huko mjini aliingia kwenye duka la zana za uwindaji. Mwenye duka alikuwa bwana mnene, mcheshi, mwenye kofia ya kufumwa. Akamwekea darubini ya kwanza mezani, nyeusi, nzito, inang'aa.

"Dada yangu, hii inaona joto la mwili. Sungura akihema hatua mia nane kutoka ulipo, unamwona."

Desideria akauliza, "Inakula betri gani? Teke la bunduki italistahimili? Nikimtazama mtu, nitajua kuwa ni mtu?"

"Yote ndiyo, dada. Milioni nne."

Desideria akairudisha mezani taratibu, kama mtu anayemlaza mtoto mchanga.

Yule bwana akaleta ya pili. "Hii nayo inaona joto, ni ndogo yake ile. Kwako wewe, laki tano kamili. Wawindaji wote wanaitaka hii. Imebaki moja."

Laki tano kamili! Moyo wa Desideria ukaruka. Akajiona anashuka kwenye basi nayo, watu wakimshangilia. Lakini akauliza tena, "Inakula betri gani? Teke italistahimili? Nikimtazama mtu, nitajua kuwa ni mtu?"

"Utajua, dada."

"Basi naomba nijaribu. Una stoo yenye giza?"

"Ipo."

"Ingia wewe, kaka yangu. Upige magoti, utambae."

Mwenye duka akacheka, akidhani ni utani. Alipoona Desideria hacheki naye, akavua viatu, akaingia kwenye stoo, akashika sakafu kwa mikono na magoti, akaanza kutambaa kati ya maboksi huku anahema. Desideria akatazama kwa darubini ya laki tano. Akaona doa jeupe, la mviringo, linakwenda taratibu.

"Kaka, ningekuwa na bunduki, ningekupiga," alisema. "Leta nyingine."

Ya tatu ilikuwa kijidude cha plastiki ngumu na kioo, chenye kitaa ubavuni kinachotoa mwanga ambao jicho tupu haliuoni. Hata mwenye duka aliitoa bila kuisifu. "Hii ni ya laki tatu na nusu. Haioni mbali. Hatua mia na hamsini, basi."

"Betri?"

"Hizi hizi za redio."

"Na teke?"

Akamwonyesha kwenye karatasi kwamba ilitengenezwa kwa bunduki nzito kuliko ya Mzee Luambano, akaandika dhamana ya mwaka mmoja kwa mkono wake. Kisha akashusha pumzi, akarudi stoo bila kuambiwa, akatambaa. Safari hii Desideria akaona kila kitu: kofia ya kufumwa, vifungo vya shati, hata soksi moja iliyotoboka kidole.

"Nimechukua," alisema. "Na soksi yako imetoboka."

Aliporudi Lumechekela na kijidude chake, watu walikizunguka wakikitazama. Wengine walitarajia kitu kama mzinga.

"Hii ndiyo fedha yetu?" aliuliza mwenyekiti. "Si ni kama tochi?"

"Chenji hii hapa, mwenyekiti. Itatosha betri na risasi."

Mzee Luambano akaichukua kuifunga. Haikushika. Bunduki yake ilikuwa ya kizamani, mgongo wake mviringo, na darubini ilitaka mgongo bapa. Watu wakaanza kuguna. Desideria akajilaumu, maana hilo ndilo swali ambalo hakuliuliza.

Hapo akasimama Kastori, mhunzi, mtu wa kufua majembe na mapanga. "Nipeni siku mbili."

Akachukua kipande cha springi ya lori, akakipasha moto, akakifua, akakipiga tupa, akakifanya kuwa kiti cha chuma kilichokaa juu ya bunduki kana kwamba walizaliwa pamoja. Darubini ikakaa. Lakini risasi ya kwanza ilipita hatua mbili kushoto mwa shabaha. Kastori akalaza bunduki juu ya viroba vya mchanga, akageuza kifundo cha darubini kidogo. Ya pili ikapita hatua moja. Akageuza, akapumzika, akageuza tena. Ya tano ikatoboa kifuniko cha chupa kwa hatua tisini. Kastori akapangusa jasho, akasema, "Sasa jicho na mkono vinazungumza."

Usiku wa kwanza Mzee Luambano alipanda dungu, na Desideria akapanda naye kuangalia betri. Kijiji kizima kiliamriwa kisitoke ndani. Saa ya saba kitu kikatikisa majani ya mihogo.

Mzee akaweka kitako begani. Kitu kikatambaa. Mzee akaingiza kidole kwenye kifyatulio. Kitu kikatambaa tena, kikainua kichwa. Desideria alisubiri mlio, amefumba macho. Mlio haukuja.

"Desideria," mzee alinong'ona. "Tazama. Nguruwe hapigi kilemba."

Desideria akatazama. Kati ya mihogo alikuwamo Bibi Menigunda, kilemba kichwani, debe kwapani, anatambaa kwenye shamba lake mwenyewe. Uvumilivu ulikuwa umemshinda ndani ya nyumba.

Mzee akautoa mkono wake kwenye bunduki kama aliyeungua. Kabla hajapata sauti ya kumwita, Bibi Menigunda alisimama wima na kulipiga debe, ngwa! ngwa! ngwa! Nguruwe waliokuwa wamelala kimya nyuma ya kichuguu wakafumuka, zaidi ya kumi, wakakimbilia kulia kwake, kwenye uwazi. Dume lao kubwa, lenye meno kama mundu, likasimama likageuka kutazama. Mzee Luambano akahema mara moja, akafyatua. Dume likaanguka pale pale.

Kwa wiki tatu zilizofuata akaangusha wengine sita. Waliobaki wakahamia huko huko porini walikozaliwa. Mihogo ikachipua. Wanaokula nguruwe wakala nyama, wasiokula wakala mahindi yao kwa amani, na siku ya karamu mtamba mweusi akaletwa uwanjani. Ndipo maneno yakaanza.

Mzee Luambano akasema, "Darubini haina kidole. Mimi ndiye niliyekesha, mimi ndiye niliyepiga. Na zaidi ya kupiga, mimi ndiye niliyeacha kupiga. Mwenye pupa angekwisha kufyatua, na leo tungekuwa matangani."

Watu wakasema, "Kweli. Mtamba ni wa mzee."

Kastori mhunzi akasema, "Bila kiti changu darubini ingebaki sandukuni. Bila kuilenga kwangu, mzee angeona nguruwe na kupiga kichuguu. Tena fikirini: nguruwe alikuwa kulia, bibi kushoto. Risasi ile ingekwenda hatua mbili kushoto, ingemkuta nani?"

Watu wakatazamana, wakasema, "Kweli. Mtamba ni wa mhunzi."

Desideria hakuwa msemaji, lakini aliposukumwa alisimama. "Ningeweza kuleta ile ya laki tano, mkanipigia vigelegele. Ndani yake bibi angekuwa doa jeupe linalotambaa, na mzee mwenye subira angelipiga doa. Kile kilemba mzee alikiona kwa sababu mimi nilimtambaza mwenye duka sakafuni."

Watu wakacheka sana, kisha wakaacha kucheka, wakasema, "Kweli. Mtamba ni wa fundi simu."

Hapo Bibi Menigunda mwenyewe akajitokeza, ameshika kamba ya mtamba kwa mikono miwili.

"Nanyi mmenisahau. Nguruwe walilala nyuma ya kichuguu, hakuna darubini iliyowaona. Nani aliwatoa? Nilisema mtamba ni wa atakayeniokoa. Nami nimejiokoa kwa debe langu. Mtamba arudi zizini kwangu."

"Bibi, uliambiwa ukae ndani!" alipaza sauti mwenyekiti.

"Ningekaa ndani, mngekuwa mnakula nyama ya nani leo?"

Mwenyekiti akamtazama mzee, akamtazama mhunzi, akamtazama fundi simu, akamtazama bibi. Desideria naye, aliyekuwa na hakika ya haki yake dakika moja iliyopita, akajikuta anakumbuka mkono wa mzee ukitoka kwenye bunduki gizani, na hakika ile ikaanza kumponyoka. Jua likatua hawajakubaliana, wakamfunga mtamba kwenye mti wa uwanjani, wakaendelea kubishana.

Nami nimewafikisha uwanjani, siwezi kuwafikisha mbele zaidi. Ninyi mliosikia yote, semeni: yupo aliyechagua, yupo aliyefua na kulenga, yupo aliyeacha na kupiga, na yupo aliyepiga debe. Je, mtamba ni wa nani?