Kiti cha Kiloriti

Mwenye kiu hangoji kuulizwa habari.

Nimewasikia mkiisema methali hii huku mkicheka. Ilitoka hapa hapa Kiloriti, na aliyeitoa hakuwa akicheka.

Kisima chetu kiko ng'ambo ya mpaka. Tangu enzi za babu zetu, ng'ombe walivuka, wakanywa, wakarudi. Kisha Jumuiya ya nchi zetu ikaandaa sheria: mifugo yote ivukie kwenye kituo chenye daktari. Kituo chenyewe kiko mbali. Ng'ombe wa kiangazi hafiki huko akiwa hai.

Halmashauri yetu ilikuwa imelia miaka mingi ipewe sauti kwenye mkutano wa Jumuiya. Mwishowe tukapewa kiti kimoja. Tukamtuma diwani Lekishon, mtu mwenye adabu kuliko wote. Hapo ndipo tulipokosea.

Kwetu mgeni haanzi kusema shida. Hukaa, hupewa maziwa, kisha mwenyeji humuuliza, "Habari za huko?" Ndipo hufungua kinywa. Lekishon akakaa. Akapewa chai. Akangoja. Mwenyekiti akasoma sheria, akawatazama mawaziri, akasema, "Hakuna pingamizi? Imepita." Wakapiga makofi.

Aliporudi, Noolarami, mjane aliyesomesha wanawe kwa maziwa ya ng'ombe wake, alimsubiri mlangoni pa halmashauri.

"Baba diwani, uliwaambia habari za kisima?"

"Hawakuniuliza, mama. Ningeanzaje? Wangesema tumelelewa porini."

"Sasa wanasema tumeridhika. Chai yao ilikuwa tamu?"

Lekishon akataka kupita aingie ndani; Noolarami akamzibia njia.

"Ng'ombe wangu wakiwa na kiu hawangoji niwaulize habari. Hulia mpaka nitoke kitandani. Mwenye kiu hangoji kuulizwa habari! Au wewe hukuwa na kiu?"

Kiangazi hicho askari walifunga njia. Ng'ombe wa Noolarami walikufa wote, kisima wakikiona.

Uchaguzi ulipofika, kiti tukampa yeye. Mkutanoni alisimama kabla chai haijamiminwa.

"Mama, zamu yako bado," mwenyekiti akamwambia.

"Zamu yangu ilikufa kiangazi," akajibu, na hakuketi mpaka alipomaliza.

Leo sheria inaruhusu mifugo ya visima vya mpakani ivuke bila kupitia kituoni, na halmashauri za mpakani husikilizwa kabla ya kura. Watu husema tulishinda. Siku njia ilipofunguliwa, Noolarami alisimama kando akitazama ng'ombe wa wenzake wakivuka. Yeye hakuwa na wa kuvusha.

Kwa hiyo isemeni, ila msicheke. Mwenye kiu hangoji kuulizwa habari.