Akida Aliyekataa Joho la Heshima

Wametusimulia waliotutangulia, Mwenyezi Mungu awarehemu, kwamba katika ngome moja ya mpakani aliishi kijana mcha Mungu aitwaye Labidi bin Maimuni, akida wa askari wa miguu. Umri wake ulikuwa miaka ishirini na mitatu. Alikuwa na mke, Rayhana, na mtoto mchanga, Salwa, ambaye hata jino la kwanza alikuwa bado hajaota.

Vita vilikuwa vimeingia mwaka wa pili, na Amiri wa ngome, Wathiki, alikwisha kumtunuku Labidi mara mbili mbele ya watu. Kwanza alimpa mshipi wa fedha, kwa kuwa alimbeba mgongoni askari aliyejeruhiwa huku mishale ikimpita masikioni. Kisha akampa upanga, kwa kuwa alisimama darajani na watu tisa tangu alfajiri mpaka adhuhuri, adui asivuke. Tuzo hizo mbili alizistahili.

Ya tatu ndiyo iliyomnyima raha.

Siku ile walipigana kwenye mdomo wa korongo la mawe. Vumbi lilikuwa zito. Labidi alimwona mwenzake wa kulia akianguka, kisha wa kushoto, na ujasiri wote ukamtoka. Akageuka, akakimbia. Aliingia korongoni bila kujua aendako, akapanda kwa mikono na magoti mpaka akajikuta juu ya jabali, nyuma ya adui. Hapo ngao ikamponyoka. Ikaporomoka pamoja na mawe mengi kwa kishindo kikubwa. Adui wakadhani jeshi limewazunguka, wakatawanyika.

Wenzake walipoinua macho wakamwona peke yake kule juu, wakapiga takbiri. Wakambeba mabegani mpaka ngomeni.

Muumini anajua kwamba kuwapa maadui mgongo ni dhambi kubwa, isipokuwa kwa aliyegeuka kwa hila ya vita. Watu wote waliamini kwamba Labidi aligeuka kwa hila. Nia yake aliijua yeye na Mola wake tu. Akatubu kwa machozi, akajiambia, “Mwenyezi Mungu amenisitiri. Kwa nini nijifunue?”

Lakini siku ya Alhamisi Amiri alitangaza kwamba kesho yake, baada ya swala ya Ijumaa, Labidi angevishwa joho la heshima. Na Jumamosi angewaongoza askari mia mbili kupita korongo lile lile, wampige adui kwa nyuma.

Askari wakafurahi. Mzee mmoja kati yao, Shadadi, aliyebakiwa na meno matatu, akapaza sauti: “Akida, joho lenyewe liwe refu! Tutashika pindo lako nyuma tusipotee!”

Wakacheka. Labidi naye akacheka.

Akaenda kwa Amiri, akasema kwa sauti ndogo, “Amiri wangu, njia ile ni nyembamba sana.”

Amiri akawageukia waliokuwapo. “Mtazameni huyu! Wengine hukikuza walichokifanya, yeye anakipunguza.” Akampiga bega kwa mapenzi. Labidi akatoka akiwa amesifiwa zaidi kuliko alivyoingia.

Alasiri alikaa nyumbani, chakula mbele yake hakijaguswa. Rayhana alikuwa akimnyonyesha mtoto. Akasema ili kumchangamsha mumewe, “Baba Salwa, leo nimeletewa samli. Ni yule jirani mwenye mapacha. Anasema tangu mumewe aandikwe kwenda vitani hajapata usingizi, ila leo atalala fofofo, kwa sababu mumewe anakwenda na mtu anayeijua njia.”

Labidi akajifunika uso kwa viganja.

“Nimesema nini?” Rayhana akauliza.

Ndipo akamweleza yote. Alieleza huku akitazama mkeka. Mwisho akasema, “Nikisema, nitakuaibisha wewe na mtoto. Na Mola mwenyewe amenisitiri.”

Rayhana akamlaza mtoto, akaja akaketi karibu naye, akamsogezea maji ya kunywa.

“Mola amekusitiri wewe,” akasema. “Wale mia mbili nani atawasitiri?”

Labidi akanywa yale maji. Baadaye akauliza kama mtoto, “Na wewe utanionaje?”

“Nitakuona umekaa hapa hapa unakula. Kula, mume wangu.”

Ijumaa msikiti ulijaa hadi uani. Baada ya swala Amiri alisimama na joho mikononi, akamwita Labidi. Alipotaka kumvika, Labidi akarudi nyuma hatua moja.

“Amiri, mimi sikumzunguka adui. Nilikimbia.”

Mtu mmoja akacheka. “Akida anatutania!”

“Sitanii, ndugu yangu. Nilikimbia kwa hofu. Ngao iliniponyoka, mawe yakaanguka, Mwenyezi Mungu akafanya alilolitaka. Nilikopita sikujui. Mkinifuata kesho, mtamfuata mtu asiyejua aendako.”

Sauti ikatoka nyuma, yenye uchungu: “Na sisi tulikubeba!”

“Mlinibeba,” akasema Labidi. “Nisameheni.”

Amiri akalishusha joho. “Na mshipi? Na upanga?”

“Huko nilisimama, Mwenyezi Mungu ni shahidi.”

“Basi hivyo ni vyako. Joho si lako, wala uakida si wako kuanzia leo.” Akalikunja joho. Palepale akatuma watu watatu wakalichunguze korongo.

Walirudi kabla ya magharibi. Walisema korongo linaishia kwenye ukuta wa jabali ambao mtu mmoja hupanda kwa taabu, na juu yake adui wamekwisha kuweka wapiga mishale. Wangeingia mia mbili, wasingetoka kumi. Amiri akaivunja safari ile.

Labidi akarudi kuwa askari wa kawaida. Waliomkejeli walikuwapo. Kila wakijipanga, mmoja humwuliza, “Mkimbizi, leo unaelekea wapi?” Naye hujibu, “Safuni, ndugu yangu. Niombee.” Akaingia safuni anatetemeka, na akabaki safuni.

Miezi ikapita. Akida mpya akafa shahidi, na Amiri akawauliza askari wanamtaka nani awaongoze.

Shadadi akasimama. “Tupe yule mwoga.”

Wakacheka, lakini yeye hakucheka.

“Mwoga?” Amiri akauliza.

“Ndiyo, Amiri. Yeye akituambia pana njia, tutajua ipo.”

Ndugu zangu katika imani, kusema kweli tunapolaumiwa ni kuzito. Kuisema tunaposifiwa na tunapopendwa ni kuzito zaidi, na hapo ndipo wengi wetu hunyamaza. Wala tusimsahau Rayhana, aliyeisikia aibu ya mumewe asimrushie usoni, akamsogezea maji. Mola atujaalie ndimi zisizoikimbia kweli, na atujaalie nyumba ambazo kweli ikisemwa ndani yake, aliyeisema huendelea kupendwa.