Jiwe la Tisa

Sogeeni. Mwenye ajira akae nyuma. Hadithi hii ni ya waliobaki.

Katika kijiji kimoja cha migombani, huko Kilimanjaro, walikuwepo vijana watatu, kila mmoja na kipaji chake. Aikande alikuwa na kichwa: akisoma kitu mara moja, hakitoki. Alisomea utalii chuo kikuu, akamaliza na GPA ya tatu nukta nane, akarudi nyumbani kukata majani ya ng'ombe. Four years, jamani! Ng'ombe ndiye aliyekuwa mwajiri wake pekee, naye hakuwahi kumwita kwenye interview.

Ndelilio alikuwa na mikono. Gogo ambalo wanaume watatu wanalijadili, yeye ameshalibeba.

Manka alikuwa na mdomo. Angemwomba fisi mfupa, fisi akamfungia na wa kesho.

Hao ndio waliofungua njia ya kwenda kwenye maporomoko, msituni, kando ya kijito. Ndelilio alifyeka, akapanga mawe tisa ya kuvukia. Manka aliwabembeleza wenye mashamba mpaka wakakubali wageni wapite. Aikande aliandika kipeperushi: "Easy trail. Dakika arobaini, any time. Hata bibi yako atafika."

Kamati ya kijiji ikatangaza nafasi moja ya mwongoza wageni, ajira ya kudumu. Sifa za mwombaji: uzoefu wa miaka mitano katika njia hiyo. Njia ilikuwa na wiki tatu.

"Mwenyekiti, hata mchwa wa njia ile hawajamaliza mwezi," Aikande alisema.

"Tangazo tumenakili tu, mwanangu," akajibu Mzee Anaeli, mwenyekiti wa kamati. "Alhamisi anakuja mgeni wa kwanza. Mpelekeni wote watatu. Atakayefanya kazi kubwa ndiye tutakayemchukua."

Mgeni alikuwa Mama Nasra, mwalimu mstaafu kutoka Tanga, mwenye fimbo na maswali. Kila mti aliuuliza jina, kila mbega alimsalimia. Walipofika pa kuvukia, maji yalikuwa ya kifundo cha mguu, na juu kidogo, ng'ambo, maporomoko yakimwagika.

"Mama, simama jiwe la tisa, yaingie yote nyuma yako," Manka alisema, simu mkononi.

Jiwe la tisa ndilo ambalo Ndelilio hakulikaza. Siku ya kulipanga alisikia harufu ya mtori wa ndizi ukiiva kwao, akasema atarudi. Mama akalikanyaga, likapinduka. Mama Nasra akaketi majini, mguu umebanwa kati ya jiwe na mwamba.

"Yelewiii!" Manka alipiga yowe.

Aikande hakupiga yowe. Kichwani mwake ilifunguka karatasi iliyobandikwa mlangoni pa ofisi ya kijiji: ratiba ya mfongo, mfereji wa mababu unaochepusha maji ya kijito kwenda mashambani. Alhamisi, zamu ya Mzee Ndekirwa, mwisho saa tano. Kumbe kijito kilivukika kwa sababu maji mengi yalikuwa mfongoni! Zamu ikiisha, mlango unafungwa, na maji yanarudi hapa. Ilikuwa saa tano kasoro robo. Na yeye, msomi, aliandika any time.

"Manka, kimbia kwa Mzee Ndekirwa asifunge mfongo! Akifunga, mama huyu anazama!"

Manka alipanda mlima kama anayefukuzwa. Njiani akachuma jani la isale, lile ambalo Mchagga akiletewa kwa kuombwa, hana njia ya kukataa. Alimkuta mzee ameshashika ubao wa mlango wa mfongo.

"Maharage nimepanda jana, we binti! Maji yakizidi yanayazoa yote!"

"Najua, meku. Ndiyo maana nimeleta isale, sikuleta maneno matupu."

Mzee alilitazama lile jani kama anayemtazama mwizi wake. Kisha akauweka ubao pembeni, mlango ukabaki wazi. "Nusu saa tu, basi!"

Huko chini Ndelilio alikata mti, akauchomeka chini ya jiwe, akaulalia. Jiwe likagoma. Akaulalia tena, mara kumi, mara ishirini, viganja vikavuja damu. Saa tano ikapita, ndipo jiwe likainuka kidogo.

"Vuta, dada! Sasa!"

Aikande akavuta. Mguu ukatoka umechubuka, haukuvunjika. Ndelilio akambeba mama mgongoni hadi ukingoni. Hata hawajamkausha, nusu saa ya mzee ikaisha, maji yakashuka yakayameza mawe yote tisa.

Mama Nasra aliyatazama, meno yakigongana. "Easy trail, eeh?"

Jioni kamati ikakaa.

"Jiwe limeinuliwa na nani? Na GPA?" Ndelilio aliuliza.

"Ungeinua jiwe, ukatoa maiti, kaka yangu," Manka akamjibu. "Maji nimeyazuia mimi."

"Na nani alijua kama yanakuja?" Aikande akafoka.

"Wewe. Na nani aliandika any time?" Manka akamrudishia.

"Na wewe je, nani alimpeleka jiwe la tisa kupiga picha?"

Kusikia jiwe la tisa, wote wakamgeukia Ndelilio aliyelipanga. Naye akatazama miguu yake.

Mzee Anaeli akakohoa. "Mimi haya siyawezi. Aikande, wewe ndiye mwenye mwandiko. Fomu hii inakwenda wilayani asubuhi. Jina ni moja. Ikirudi tupu, wanatuletea mtu wao."

Akainuka, akaenda zake kunywa mbege. Ndivyo walivyo wenyeviti: palipo na uamuzi, wana kiu.

Aikande akashika kalamu. Miaka minne alikuwa akiitafuta fomu hiyo. Ndelilio alikunja viganja vyake vilivyofungwa matambara. Manka akamsogezea taa aone mstari. Aikande akaandika tarehe. Akaandika jina la kijiji. Akafika kwenye mstari wa mwombaji, kalamu ikagoma kama lile jiwe.

Amekaa hapo mpaka sasa, na asubuhi inakuja. Basi ipokeeni kalamu ninyi. Kichwa kilijua, mdomo uliomba, mikono iliinua. Kikipungua kimoja, mama amekufa. Na ni hao hao watatu waliomtumbukiza. Msiniambie wagawane: mstari ni mmoja.

Je, wewe ungeandika jina la nani?