Pimbi na Homa ya Kivuli

Hapo zamani za kale, zamani hasa, tembo alipokuwa bado anavaa miwani, palikuwa na chuo cha uganga kwenye majabali ya Kilima Chongo. Wewe wa muwa, acha kutafuna! Hadithi inasikilizwa kwa masikio, si kwa meno.

Mkuu wa chuo alikuwa Mwalimu Tembo, mama mkali, asiyejua utani wala sikukuu. Wanafunzi wake wa mwaka wa mwisho walikuwa watatu: Nyati, Kiboko na Pimbi. Pimbi mnamjua? Yule mdogo wa mawemawe, hana mkia, mwili mzima unaenea kwenye kapu. Tena wazee husema pimbi na tembo ni ukoo mmoja. Mnacheka? Haya chekeni, lakini neno hilo lishikeni.

Sasa, wanafunzi wa uganga wana kasoro moja tangu enzi hizo: kila ugonjwa wanaosomeshwa, wanao. Wakisomeshwa upele, Nyati anajikuna mtini mpaka gome linabanduka, kwaru kwaru kwaru! Wakisomeshwa kifua, Kiboko anakohoa, kho! kho!, na kuanza kuaga ndugu zake. Hata Pimbi, siku ya somo la mafindofindo, alijitazama koo kwenye dimbwi mchana kutwa. Ila yeye baadaye alijicheka, akaacha.

Na kazi ilikuwa nyingi, jamani! Asubuhi darasani, mchana wodini, jioni kukariri mifupa. Kila mwanafunzi alipewa wagonjwa wake, lakini utamsikia Nyati akipiga mwayo:

"Pimbi, mdogo wangu, nifungie Bi Kobe bandeji ya gamba. Mimi mgongo."

"Na mimi nichotee maji ya Mzee Twiga ya kusukutua," Kiboko anadakia. "Koo lake refu, mimi pumzi fupi."

Kiboko huyo, anayelala majini, kuchota maji hawezi! Basi wao hao, ngomani, matopeni, kwenye pombe ya ndizi. Pimbi anabaki, mbio huku, mbio kule, chapu chapu chapu. Wagonjwa walimpenda kwa mikono yake mepesi. Lakini majabalini kwao rafiki zake walianza kusema, "Pimbi? Huyo tulishamsahau."

Siku moja mdogo wake, Tunu, akaja chuoni. Macho mekundu, mashavu yamefura.

"Hodi!"

"Karibu, Tunu. Mbona hivyo?"

"Kesho naolewa."

"Najua, mdogo wangu, ila hawa wagonjwa..."

"Msiba wa babu, wagonjwa. Posa yangu, wagonjwa. Dada, kwetu bi harusi hatoki chumbani bila mpambe wake kumshika mkono, na mpambe wangu ni wewe. Usipokuja nitakaa humo humo, na neno dada hutalisikia tena kinywani mwangu."

Akalia, akaondoka hata maji hakunywa.

Pimbi aliumia. Yeye ndiye aliyemlea Tunu, mgongoni, tangu hajaota meno. Na uganga aliupenda, asiwadanganye mtu. Alipoona kidonda kimekauka alifurahi kuliko aliyekuwa nacho. Lakini kuitwa mgeni na ndugu yako, hilo linachoma. Akajifuta machozi, akaenda kwa mwalimu.

"Mwalimu, naomba ruhusa ya kesho."

"Kazi ikiwa imekamilika, nenda," Tembo akasema bila kuinua macho. "Ila nikikuta bakuli moja kavu, bandeji moja chafu, unafungasha virago. Hata kama umebakiza mtihani mmoja."

"Na kama bakuli ni la mgonjwa wa Kiboko?"

"Mimi sijui la Kiboko wala la nani. Wodi ni moja!"

Pimbi akawaendea wenzake. Walikuwa wamejilaza kivulini, matumbo juu.

"Ndugu zangu, kesho tu, kila mtu ahudumie wagonjwa wake. Naenda harusini."

"Harusini?" Nyati akacheka mpaka vumbi likatimka. "Harusini tunakwenda sisi! Tumesikia pilau ni la masufuria makubwa. Wewe baki, una mikono mepesi."

"Tutakuletea ukoko," Kiboko akasema. Kwa kwa kwa!

Pimbi akawatazama walivyojilaza, mmoja upande huu, mmoja upande ule. Halafu akakunja uso, taratibu, kama mganga mkuu.

"Nyati. Hebu toa ulimi."

"Wa nini?"

"Toa tu... Mh! Mh! Hebu niambie, ukishiba, macho yanakuwa mazito?"

Nyati akaacha kucheka. "Ee... yanakuwa."

"Na ukimwona mwenzio anapiga mwayo?" Pimbi akapiga mwayo, mwaaa. Nyati naye, mwaaaa! Kiboko naye, mdomo ukafunguka kama mlango wa ghala, mwaaaaaa!

"Masikini!" Pimbi akarudi nyuma. "Imeshawaingia wote wawili. Sasa swali la mwisho, msinifiche. Mkiitwa kazini, miguu inaisha nguvu. Mkiitwa kula, nguvu zinarudi. Kweli, si kweli?"

"Kweli kabisa!" Kiboko akapaza sauti. "Umejuaje?"

"Ni homa ya kivuli. Inaanzia miguuni, inapanda polepole. Ikifika tumboni..."

"Ikifika tumboni?"

Pimbi akatikisa kichwa tu. Kiboko akajishika tumbo. Tumbo lenyewe lilivyo, mikono haikukutana.

"Dawa ipo?" Nyati akauliza, kisauti chembamba.

"Ipo, lakini chungu. Jasho. Tangu sasa hivi mpaka kesho jua likizama, jasho lisikauke mwilini. Kiboko, kuchota maji kunatoa jasho zuri la mabega. Wewe Nyati, kumgeuza Bi Kobe na kufua bandeji kunatoa jasho la mgongo. Na mkisikia mwayo unakuja, hapo hapo mfagie wodi."

"Na pilau je?"

"Pilau! Usilitaje! Mafuta yale ndiyo chakula cha homa yenyewe. Mnataka kufa?"

"Hatutaki!" wakajibu kwa pamoja.

Hapo ndipo Kilima Chongo kilipoona maajabu. Chubwi! ndoo mtoni. Puu! ndoo wodini. Mzee Twiga akasukutua koo lote, juu mpaka chini, gudugudugudu, mpaka akaomba apumzishwe. Bi Kobe akageuzwa na kufungwa bandeji safi kabla hajaitisha. Na Pimbi? Alihudumia wagonjwa wake mmoja mmoja, alfajiri na mapema, hakuruka hata mmoja. Kisha akanawa mikono, akateremka kilima mbio, tifu tifu tifu.

Tunu alikuwa amekaa chumbani, shela usoni, hataki kula wala kusema. Mlango ukafunguka.

"Mdogo wangu, nipe mkono."

"Dada!"

Walikumbatiana, wakalia, wakacheka, hina ya Tunu ikampaka Pimbi mpaka puani. Vigelegele vikapasua mawe. Pimbi akacheza, jamani, akacheza chakacha mpaka shangazi zake wakamtunza kanga. Akahisi moyo wake umerudi mahali pake.

Mara... tii! tii! tii! Ardhi ikatikisika. Ngoma zikanyamaza. Mwalimu Tembo amesimama uwanjani, miwani inametameta, masikio yamefunguka.

"Pimbi!" akanguruma. "Nimefika wodini nimekuta Nyati anafua! Namuuliza, ananiambia ana homa ya kivuli. Nimefundisha uganga tangu pembe zangu hazijatokeza, homa hiyo sijapata kuisikia! Umewadanganya wenzako. Nikufukuze hapa hapa mbele ya watu?"

Tunu akamshika dada yake mkono. Pimbi akainua uso.

"Mwalimu, kuna bakuli kavu?"

"Hakuna."

"Bandeji chafu?"

"Hakuna hata moja."

"Na Nyati anaendeleaje?"

Tembo akakohoa. "Leo ndiyo siku ya kwanza nimemwona mzima."

"Basi, mwalimu, jina la ugonjwa nimelitunga, hilo nakubali. Lakini ugonjwa wanao."

Kisha Pimbi akasogea, akamtazama Tembo machoni kwa huruma, wala hakuwa anafanya mzaha.

"Mwalimu, ukisikia ngoma unaona kelele? Ukialikwa unasema nina kazi? Na ukienda kwenu, watoto wa ndugu zako wanauliza, huyu nani?"

Mkonga wa Tembo ukapanda wenyewe, ukajigusa paji la uso, kupima joto.

"Na... na hiyo ni homa gani?" akauliza polepole.

"Hiyo nilikuwa naumwa mimi mpaka jana. Dawa yake ni sahani ya pilau, na kucheza na watu wa ukoo wako."

"Unanidanganya, mtoto. Najua unanidanganya."

"Najua unajua, shangazi."

Neno shangazi Tembo hakuwa amelisikia miaka mingi. Akavua miwani, akaifuta. Halafu sikio moja likaanza kufuata ngoma, ngoma yenyewe hata haijaanza tena. Wapigaji wakaona, dum taka dum! Na Mwalimu Tembo akacheza, tii! tii! tii!, sufuria zikarukaruka mekoni, Tunu akacheka mpaka shela likadondoka.

Asubuhi yake Nyati na Kiboko wakamfuata mwalimu, wamechoka hoi.

"Mwalimu, jua lilishazama. Tumepona?"

Tembo akawatazama, mmoja baada ya mwingine. Nyuma yake Pimbi alikuwa akimfunga Bi Kobe bandeji, hina bado ipo puani.

"Hebu toeni ulimi," Tembo akasema. Wakatoa. Akainama, akavaa miwani, akatazama kwa makini sana.

"Mh! Bado kidogo. Chukueni ndoo."

Ndiyo maana, wajukuu zangu, watu husema kazi na dawa: beba mzigo wako mwenyewe, kisha ukacheze na wako.