Kwa Nini Mifarishi ya Vuamba Imepinda Mishono

Sogeeni kwenye moto, na mwenye usingizi asinzie tu, sitamlaumu. Usingizi ndio uliozaa habari hii.

Zamani hizo, kule milimani Vuamba, mfarishi wa viraka ulishonwa ukanyooka kama mahindi yaliyopandwa kwa kamba. Mtu akifa, nguo zake hazikuchomwa wala kugawiwa majirani. Matanga yakiisha, ndugu waliketi uani wakazichambua, kila mmoja akachagua za kumkumbukia marehemu, zikakatwa na kuunganishwa kuwa mfarishi wa kujifunika, maana baridi ya kule si ya mchezo. Wakubwa walichagua kwanza. Aliyemuuguza marehemu alichagua mwisho, eti yeye alishakaa naye vya kutosha. Na kwa kuwa alikuwa hapo hapo nyumbani, ndiye aliyezifua, ndiye aliyekata, na ndiye aliyewashonea wote. Hakuna aliyeona ubaya. Watu huzoea, wanangu.

Naetwe alimuuguza mama yake, Bi Nakiete, tangu alipoanguka shambani mpaka pumzi ya mwisho. Miguu ya mama ilikuwa imekufa ganzi, na asipogeuzwa alitokwa na vidonda. Basi Naetwe alimtandikia shuka la kaniki chini ya kiuno, akalishika pembeni, akawa anamgeuza, ubavu huu, ubavu ule, mchana na usiku, miaka nenda rudi. Kaka yake, Senkoro, aliishi bonde la pili. Alikuja sikukuu hata sikukuu, akaleta asali, akasema, "Mama anapendeza," akaondoka. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa tu mtu wa kuja na kuondoka.

Siku ya kuchagua, Naetwe hakutaka gauni wala kanga mpya za sandukuni. Alilitaka lile shuka tu. Lilikuwa limepauka na kuchanika pale mikono yake ilipokuwa ikishika, na kila akifumba macho ndilo alilokuwa akiliona. Akaketi nyuma, akingoja zamu yake.

Senkoro akachukua gauni la kijani na sweta. Shangazi yao, Namkunda, akachukua kanga. Kisha Senkoro akalivuta lile shuka kwa vidole viwili.

"Na hili tambara? Naetwe, likatekate unitilie ndani ya mfarishi wangu, liongeze joto. Kwa ndani halitaonekana."

"Kaka, hilo naomba uniachie."

"Hili? Chagua kitu cha maana, mdogo wangu. Watu watasema tumekudhulumu."

"Na zamu yako bado, mwanangu," shangazi akadakia. "Usituharibie mila."

Naetwe hakubisha. Nguvu za kubisha hakuwa nazo. Alikuwa amechoka uchovu ule ambao kulala hakuuondoi, unaokaa mifupani. Akapokea shuka na mkasi, akaketi juu ya rundo la nguo ili akate. Akalikunjua, akalishika pale pale pembeni, mkasi ukamponyoka, akalala fofofo, jua likiwaka, mbele ya wakwe na wageni.

Ndugu wakaona aibu. Wakamwita, hakusikia. Senkoro akainama kulichomoa shuka mikononi mwake. Alipolivuta, Naetwe akakaza vidole, na macho yake yakiwa bado yamefumbwa akasema kwa upole, "Pole mama. Pole. Najua unaumia. Nishike shingoni, tunageuka sasa hivi, halafu utalala."

Akaliinua shuka kidogo, akaligeuza upande wa pili, akalipapasa mikunjo iishe. Kisha akatulia.

Senkoro alibaki ameinama, upande mmoja wa shuka mkononi. Hapo ndipo alipoelewa jinsi usiku wa nyumba ile ulivyokuwa, na kwamba hata mara moja yeye hakuwahi kuushika huo upande wa pili. Akalia, mtu mzima, watu wakimwona. Akamfunika dada yake kwa lile shuka, akaokota sindano.

"We Senkoro, umeshona lini wewe?" shangazi akauliza.

"Sijawahi, shangazi. Mwache alale."

Akashona. Akajichoma, akapindisha, akafumua, akapindisha tena. Shangazi, macho yake hafifu, naye akavuta uzi. Naetwe alipoamka alikuta mfarishi wa gauni la kijani na zile kanga, umekunjamana vibaya, na katikati pameachwa wazi.

"Hapo ni pa shuka lako," kaka yake akamwambia. "Na usiguse sindano. Nitashona mimi."

Na tangu siku hiyo, kule Vuamba, aliyeuguza huchagua kwanza, hata akiwa kitinda mimba, wala hashoni. Wanaoshona ni wale waliokuwa mbali. Kwa hiyo mkilala ugenini huko, mkaona mfarishi umepinda mishono, msicheke. Mishono hiyo ni ya watu waliochelewa.